Kusaka Neno Hakutoshi: Ufahamu wa Kiingereza katika Gaokao

Mwezi Juni kila mwaka, mamilioni ya vijana wa China hufanya Gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu. Mwaka 2024 waliojiandikisha walikuwa milioni 13.42. Somo la Kiingereza lina alama 150, na katika karatasi za kitaifa alama 50 kati ya hizo ni za ufahamu: vifungu vinne vyenye maswali 15 ya kuchagua, na cha tano kilichoondolewa sentensi tano ambazo mtahiniwa huzitafuta miongoni mwa saba. Ushauri unaotolewa sana ni huu: soma swali, shika neno kuu, lisake kifunguni. Ushauri huo unawapotezea alama wanafunzi wenye bidii, na inasikitisha kuona unavyosifiwa.

Watunzi wa maswali wanaijua mbinu hiyo na huizibia njia. Tuseme kifungu kinaeleza kwamba watafiti walidhani nyuki wanakufa kwa baridi, hadi vipimo vilipoonyesha kuwa chanzo ni dawa inayopuliziwa mashambani. Chaguo lenye neno “baridi” litakuwepo. Jibu sahihi litasema “kemikali za kilimo”, maneno ambayo kifunguni hayamo kabisa. Anayesaka neno hunaswa, anayefuata hoja hugutuka anapofika kwenye “hadi”. Kwa swali la bei ya tiketi au saa za makumbusho, kusaka kunafaa. Lakini wazo kuu na msimamo wa mwandishi havina neno la kusaka.

Kwa msemaji wa Kichina, ugumu una mzizi pia katika sarufi. Kiswahili na Kiingereza hutaja kitu kwanza, kisha hukieleza kwa vishazi: daraja lililojengwa na wahandisi waliotoka kusini. Kichina hutanguliza maelezo yote, na daraja huja mwisho. Aliyezoea mpangilio huo anapokutana na vishazi viwili vitatu vinavyofuatana nyuma ya nomino, hufika kwenye kitenzi kikuu akiwa ameshasahau nani anafanya nini. Tena Kichina mara nyingi huacha viunganishi na viwakilishi vieleweke vyenyewe, ilhali kile kifungu cha tano kinavitegemea hivyo hivyo: “hata hivyo” hudai jambo la kupingana nalo kabla yake, na “hao” lazima wawe wameshatajwa. Hapa ndipo mwalimu angetumia saa zake, akimzoesha mwanafunzi kushika kiima na kitenzi kikuu kwanza, ndipo ayarudie maelezo.

Wapo watakaosema muda wa kusoma kifungu chote hautoshi, kwani dakika 120 zinabeba pia kusikiliza na kuandika. Ila anayesaka neno huanza upya kwa kila swali. Aliyesoma kifungu chote mara moja anajua arudi wapi. Pingamizi la msamiati ni zito zaidi. Watafiti Hu na Nation, mwaka 2000, walikadiria kwamba msomaji anahitaji kujua asilimia 98 hivi ya maneno ili aelewe habari bila msaada. Katika kifungu cha maneno 300, mageni yasizidi sita. Asiyejua maneno arobaini hana mbinu ya kumwokoa. Lakini mtaala wa sekondari unalenga maneno kama 3,000, na yaliyo nje yake mara nyingi hutafsiriwa kwa Kichina kwenye karatasi yenyewe. Aliyeumaliza mtaala huo na bado anakosa, huenda tatizo lake ni jinsi maneno yanavyoungana. Huyo apewe mitihani ya zamani, aifanye polepole, na kwa kila chaguo alilolikataa aonyeshe sentensi inayolipinga, hata kwa maswali aliyoyapata.