Kabla hujanunua kamera, uliza picha zitakaa wapi

Baba yangu alipofariki dunia, tulizunguka nyumba nzima hapa Nyamiaga tukitafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Aliishi miaka 74. Tulichopata ni pasipoti saizi moja iliyoharibiwa na unyevu, na picha ya simu ya harusini ambamo amesimama nyuma ya watu wanne. Kijana wa studio aliikata, akaikuza, akaisafisha kadiri alivyoweza. Hata hivyo waombolezaji walikuwa wakiinama kuitazama, kama watu wanaouliza: ni yeye kweli?

Tangu siku hiyo nikaanza kutaka kamera. Sikuwa na nia ya kuwa mpiga picha wa harusi. Mimi ni mwalimu, na nilichotaka ni kuwapiga picha watu wa nyumbani kwangu wakiwa bado wapo. Mama yangu ndiye aliyebaki, na macho yake yameanza kufifia.

Nikaweka akiba kidogo kidogo mpaka ikafika Sh1,300,000. Hapo ndipo mjadala ulipoanza, kwa sababu jikoni kwetu panavuja.

Kamera ndogo zina nini?

Kamera niliyoitaka ni zile ndogo ambazo vijana wa studio huziita mirolesi, yaani zisizo na kioo ndani. Kamera kubwa za zamani zina kioo kinachopeleka taswira kwenye jicho la kuchungulia. Ukibonyeza, kioo kinanyanyuka na mwanga unapita nyuma. Hizi mpya zimeondoa kioo hicho. Mwanga unaingia moja kwa moja kwenye sensa, nawe unaiona picha kwenye skrini. Kamera ya kwanza ya aina hii yenye lenzi za kubadilisha, Panasonic Lumix G1, ilitangazwa mwaka 2008.

Faida yake ni wepesi. Sony a6000, iliyotoka mwaka 2014 na ambayo bado inauzwa sana ikiwa imetumika, ina megapikseli 24 na uzito wa gramu 344 pamoja na betri, bila lenzi. Unaitia kwenye mkoba wa kawaida ukaenda nayo kanisani.

Hasara yake ni betri, kwa sababu skrini inafanya kazi muda wote. Kwa vipimo vya kawaida, a6000 inapiga picha kati ya 310 na 360 kwa chaji moja, na Canon M50 ya mwaka 2018 inapiga kama 235. Nikon D3500, kamera ndogo yenye kioo iliyotoka mwaka huohuo wa 2018, inafika 1,550. Maporomoko ya Rusumo yako wilayani kwetu, na mitambo ya pale inazalisha megawati 80 kwa ajili ya nchi tatu, lakini umeme wa nyumbani bado hukatika. Betri ya pili hapa si anasa.

"Picha za mtoto ziko wapi?"

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Baba watoto, picha za mtoto wetu wa kwanza ziko wapi?"

Nikanyamaza. Zilikuwa kwenye simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji. Miaka miwili ya kwanza ya mtoto ilizama siku hiyo, na hakuna hata picha moja tuliyokuwa tumeisafisha.

"Basi tatizo letu si kamera," akasema. "Simu ilipiga. Sisi ndio hatukutunza."

Ndugu msomaji, swali hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa la haki. Nilikuwa nimehesabu bei ya kamera tu. Tulipokaa na daftari tukaandika yote: kamera iliyotumika, betri ya pili, kadi mbili, mkoba wa kuzuia vumbi letu jekundu la kiangazi, lenzi ya ziada, na gharama ya kusafisha picha. Akiba yangu haikutosha, na mabati ya jikoni yalikuwa hayajaguswa.

Rafiki zangu wakanipa dawa rahisi: nunua, itajilipa kwa harusi na mahafali. Nawaomba wazazi wenzangu wasijidanganye kwa hesabu hiyo. Wanaoishi kwa kazi hiyo wana kamera mbili, taa, kompyuta na jina. Anayenunua kwa ajili ya nyumbani ahesabu kuwa fedha hiyo imekwenda, na ajiulize kama bado anaitaka.

Walipigwa wengine

Jambo moja lilinifanya nisikate tamaa. Wilaya yetu imepigwa picha sana. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa takribani saa 24, na kambi ya Benaco ikajulikana duniani kote. Walikuja waandishi na wapiga picha wa kila taifa, akiwemo Sebastião Salgado wa Brazili, ambaye picha zake za Benaco bado zinatazamwa mpaka leo.

Ilikuwa haki dunia ione mateso yale. Lakini baba yangu naye alikuwapo Ngara wakati huo, mtu mzima mwenye nguvu zake, akilima na kulea. Hakuna lenzi iliyomgeukia, wala haikuwa kazi ya wageni wale kumpiga. Hiyo ilikuwa kazi yetu sisi wa nyumbani.

Nilipomwambia mke wangu hivyo, hakubishana. Alisema tu: "Mabati yanaweza kusubiri kidogo, na kamera inaweza kusubiri. Mama ndiye hawezi."

Siku moja ya kukodi

Tukakubaliana tukodi. Kijana wa studio alinipa kamera ndogo kwa siku moja kwa Sh30,000, nikaacha kitambulisho. Akaniuliza: "Mwalimu, unakwenda kupiga nini?" Nikamwambia ni mama, jikoni kwake, jioni. Akaitoa lenzi iliyokuja na kamera, akafunga nyingine fupi ya milimita 50 yenye f/1.8.

Sababu alinieleza. Namba hiyo ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana. Lenzi ya kawaida ikivutwa hadi milimita 50 hufika f/5.6, hii ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Ndani ya jiko lenye dirisha moja, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama uso utaonekana au utakuwa kivuli.

Mchana nilijaribu kamera na simu yangu pamoja, watoto wakiwa uwanjani. Sitawaficha: kwenye jua, nilipotazama kwenye skrini, sikuona tofauti ya kunitoa milioni moja. Jioni mambo yakageuka. Mama alikuwa akimenya ndizi mlangoni mwa jiko. Simu ilitoa picha yenye chengachenga, mikono imefutika kwa kutikisika. Kamera ilitoa mikunjo ya mikono yake, moshi nyuma yake, na jinsi anavyobana midomo akiwa na kazi.

"Unanipiga nimevaa hivi, mwanangu?" akaniuliza. Nikamwambia hivyo ndivyo tunavyomfahamu. Akacheka, na picha ya kicheko ndiyo tuliyoichagua.

Kesho yake tulisafisha picha 12. Moja iko ukutani kwenye fremu. Nyingine anayo mama mwenyewe, kwenye bahasha chini ya mto.

Kwa anayefikiria kununua

Kwanza, taja picha tatu ambazo simu yako imeshindwa kupiga. Ukikosa tatu, usinunue. Ukizipata, angalia zimeshindikana kwa nini. Kama ni giza ndani ya nyumba, weka fedha nyingi kwenye lenzi kuliko kwenye kamera.

Pili, kodi au azima kwa siku moja kabla ya kutoa akiba.

Tatu, ukinunua iliyotumika, piga picha ya anga jeupe ukiwa umebana tundu la lenzi, uangalie kama kuna madoa kwenye sensa. Mulika lenzi kwa tochi utafute kuvu. Fungua menyu: baadhi ya kamera za Sony za soko la Japani zina Kijapani pekee. Ukipenda Canon za aina ya M, fahamu kuwa Canon imeacha kuzitengeneza na lenzi zake haziingii kwenye kamera zao mpya za R.

Nne, usibadilishe lenzi nje kwenye vumbi. Bila kioo mbele yake, sensa iko wazi zaidi.

Tano, amua leo picha zitakaa wapi. Sisi tumeweka utaratibu: kila mwisho wa mwezi picha zinahamishiwa sehemu mbili tofauti, na picha nne zinasafishwa, zikiandikwa nyuma majina na tarehe.

Kamera bado sijanunua. Mabati yamepanda juu ya jiko, na kilichobaki kinasubiri mavuno ya kahawa. Tukijaliwa nitanunua iliyotumika, na lenzi moja ya f/1.8. Ikishindikana tutakodi tena mwaka ujao, maana mama ameshauliza siku yenyewe ni lini, ili avae kitenge kipya.