Waliobaki na aliyekanyaga

Ndugu msomaji, mwishoni mwa juma lililopita nilitazama filamu mbili. Ya Ijumaa usiku ni ya Kifaransa, Des hommes et des dieux, iliyoongozwa na Xavier Beauvois mwaka 2010. Ya Jumamosi ni Silence ya Martin Scorsese, ya mwaka 2016. Zote zinahusu watu wa Mungu waliotishiwa kifo, lakini zinaishia mahali tofauti kabisa.

Ya kwanza ni kisa cha kweli. Watawa Watrapisti kutoka Ufaransa waliishi Tibhirine, milimani Algeria, wakisali, wakilima na kuwatibu majirani zao Waislamu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto wakashauriwa waondoke. Wakabaki. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Machi 1996 saba kati yao walitekwa, na baadaye wakauawa. Nani hasa aliwaua, hadi leo watu wanabishana. Tarehe 8 Desemba 2018 walitangazwa Wenyeheri mjini Oran, pamoja na wengine 12 waliouawa Algeria miaka hiyo.

Kilichonigusa ni kwamba hawaanzi wakiwa mashujaa. Katika kikao chao cha kwanza wengine wanataka kuondoka, na wanamlaumu mkuu wao, Christian, kwa kukataa ulinzi wa jeshi bila kuwauliza. Kijana mmoja, Christophe, analia chumbani usiku akimsihi Mungu asimwache. Kisha wanawaambia wanakijiji kwamba wao ni kama ndege juu ya tawi, hawajui kama wataruka. Mama mmoja anawarekebisha: ndege ni sisi, ninyi ndio tawi, mkiondoka tutatua wapi? Nimesikia mafungo mengi juu ya wito wa utawa, lakini machache yamelieleza jambo hilo vizuri kama mama huyo.

Silence ni habari nyingine. Imetokana na riwaya ya Mjapani Mkatoliki, Shusaku Endo, ya mwaka 1966. Tuko Japani, karne ya 17, Ukristo umepigwa marufuku. Wajesuiti wawili Wareno wanaingia kwa siri kumtafuta mwalimu wao, Ferreira, anayesemekana ameikana imani. Kipimo cha serikali ni rahisi: bamba lenye sura ya Kristo linawekwa chini, nawe unaambiwa likanyage. Padri Rodrigues yuko tayari kufa. Lakini hawamuui. Wanawaning'iniza Wakristo wengine kichwa chini, shimoni, na kumwambia watateseka mpaka yeye akanyage. Anasikia sauti, kama ya Kristo mwenyewe, ikimruhusu. Anakanyaga.

Hapo sikubaliani na filamu. Seminarini tulifundishwa, na Mtume Paulo anasema wazi kwa Warumi, kwamba hatutendi uovu ili mema yapatikane. Kumweka Kristo mdomoni ruhusa ya kumkana Kristo ni jambo zito, na siwezi kulipitisha kwa sababu tu limeigizwa vizuri. Lakini mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi, ndugu msomaji, chai mkononi. Hukumu ya mtu wa kwenye kochi ina mipaka yake.

Sisi wa Afrika Mashariki tumelelewa na Namugongo. Kipaimara hakipiti bila Kizito na Karoli Lwanga kutajwa, na ni haki yao. Ila ni nadra kuwasikia mapadre, nami nikiwemo, wakizungumzia wale ambao siku hiyo wangeshindwa. Kanisa la mwanzo lilizungumza juu yao sana. Mwaka 250 kaisari Decius aliamuru watu wote waitolee sadaka miungu ya Roma. Kule Kartago, katika Tunisia ya leo, jirani ya hiyo Algeria, Wakristo wengi walitii, na wengine wakanunua vyeti vya uongo kwamba wametii. Dhoruba ilipopita walibisha hodi kanisani wakilia. Wapo waliotaka mlango ufungwe milele, wapo waliotaka ufunguliwe palepale. Askofu Sipriani na wenzake waliamua watubu, kwa muda na kwa kweli, kisha wapokelewe. Mwaka 258 Sipriani mwenyewe alikatwa kichwa kwa ajili ya imani.

Ndiyo maana, katika Silence, mtu aliyenishika si Rodrigues bali Kichijiro. Huyu anakanyaga, anatubu, anakanyaga tena, anamsaliti padri wake, kisha anarudi kuomba kuungamishwa. Padri anamwona kinyaa. Mwishoni, padri akiwa naye ameanguka, Kichijiro anamjia tena, anapiga magoti, anaomba maungamo. (Filamu ni ya karibu saa tatu, na ina mateso, watoto walale kwanza.)

Kule Tibhirine kulikuwa na watawa wawili wengine ambao watekaji hawakuwachukua usiku ule. Hawakukana chochote, hawakuuawa. Wa mwisho wao, Jean-Pierre, alifariki mwaka 2021 huko Midelt, Morocco, akiwa na miaka 97. Kwa miaka 25 alisali zaburi zilezile bila wale wenzake saba.