Kozi Wawili: Mwenyeji na Mgeni

Mtoto akiona ndege mwenye mdomo uliopinda, mara hushika manati. Hudhani kila ndege wa namna hiyo ni mwizi wa vifaranga kama mwewe. Leo tuwatazame kozi wawili wadogo wa nchi kavu kama yetu ya Singida.

Wa kwanza ndiye mdogo kuliko ndege wote wawindaji wa Afrika. Urefu wake ni sentimeta 20 hivi, na uzito wake ni kama wa yai la kuku. Tumbo ni jeupe, mgongo wa kijivu. Lakini jike ana mgongo wa kahawia. Huyu ni mwenyeji, hahami. Wala hajengi nyumba: hulala na kutaga katika viota vya miiba vilivyojengwa migungani na ndege wengine wenye kichwa cheupe. Ajabu ni kwamba mpangaji huyu asiyelipa kodi hukaa na wenye nyumba kwa amani.

Wa pili ni kozi wa Amur, mto ulio mpakani mwa Urusi na China. Huyu hufikia karibu sentimeta 30; dume ni wa kijivu kizito, mwenye miguu myekundu. Huzaa huko Asia. Baridi ikikaribia hupitia India, huvuka Bahari ya Hindi, safari ya kilometa 3000 na zaidi, kisha hufuata mvua zetu za Novemba na Desemba, akielekea kusini. Husafiri kwa makundi makubwa.

Maisha yao ni mbalimbali, lakini chakula chao hasa ni kimoja: panzi, kumbikumbi na wadudu wengine. Yule mdogo hupenda na mijusi. Basi wote wawili humsaidia mkulima wa mtama na uwele.

Mwaka 2012, huko Nagaland nchini India, wanakijiji walinasa kozi wa Amur kwa nyavu, maelfu kwa maelfu, kwa ajili ya nyama. Wazee, makanisa na serikali wakashauriana, na mwaka 2013 mauaji yale yakakoma.

Mgeni amepata amani njiani. Je, mwenyeji? Mgunga wenye viota ukikatwa kwa mkaa, wenye nyumba huhama, naye mpangaji hukosa pa kulala. Wazazi, uacheni mti huo usimame, na watoto waweke manati chini.