Haki ya kimazingira mkoani Mara

Haki ya kimazingira ni dhana inayodai kwamba madhara ya uchafuzi yasibebeshwe watu maskini au wasio na sauti, na kwamba watu hao wapate taarifa, wasikilizwe na kufidiwa wanapoumizwa. Katika mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania, suala hilo linahusu hasa maji. Wakazi wengi wa vijiji vya Tarime, Butiama, Bunda na Musoma, pamoja na kata kama Kiriba, hutegemea mito na Ziwa Viktoria kwa maji ya nyumbani, mifugo na uvuvi. Mwenye uwezo hununua maji kwingine. Mwenye ndoo tu hana chaguo.

Msingi wa kisheria

Mwaka 1991, katika shauri la Festo Balegele na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, wakazi wa Kunduchi Mtongani walipinga taka za jiji kumwagwa karibu na makazi yao. Mahakama Kuu iliwapa haki, ikitegemea ibara ya 14 ya Katiba inayolinda uhai. Baadaye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilitamka wazi kwamba kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kwamba anaweza kwenda mahakamani kuitetea. Sheria hiyo inataka pia mchafuzi alipe. Ilikabidhi usimamizi wa utekelezaji kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

Tigithe na Mto Mara

Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioko Nyamongo, wilayani Tarime, ulianza uzalishaji mwaka 2002. Mwezi Mei 2009 maji yenye sumu kutoka mgodini yaliingia katika mto Tigithe, unaomwaga maji yake katika Mto Mara. Malalamiko ya wanavijiji yaliendelea kwa miaka mingi. Mwezi Mei 2019 NEMC iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6, na mwezi Julai ikazuia matumizi ya bwawa lake la topesumu. Ilikuwa hatua nzito, ila ilichukua miaka kumi, na faini inayolipwa serikalini si sawa na fidia kwa aliyepoteza ng'ombe au shamba.

Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara karibu na daraja la Kirumi, kati ya Butiama na Rorya, yaligeuka meusi na samaki wakafa. Serikali ilizuia matumizi ya maji hayo. Waziri wa mazingira, Selemani Jafo, aliunda kamati ya watu 11 chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati ilieleza kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mikojo ya mifugo pamoja na kuoza kwa mimea, vilivyopunguza oksijeni majini. Wengi hawakuridhika. Hapa ndipo ugumu ulipo: haki ya kushtaki anayo mwanakijiji, lakini ushahidi unatoka maabara, nayo maabara hana. Asipoona sampuli zikichukuliwa mbele yake, hata jibu sahihi atalitilia shaka.

Wachimbaji wadogo

Si kila mara mchafuzi ni kampuni kubwa. Huko Buhemba, wilayani Butiama, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu, kisha huichoma zebaki hiyo na kuvuta mvuke wake wenyewe. Nyingine huishia mitoni. Hao ni wachafuzi na waathirika kwa pamoja, kwa hiyo faini peke yake haiwasaidii. Wanahitaji vifaa vya kunasa mvuke na njia nyingine za uchenjuaji. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba huo unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo mwingi wa dhahabu ziandae mpango wa kitaifa wa kupunguza matumizi ya zebaki, ukiwemo mkakati wa kulinda afya ya wachimbaji na jamii zao.