MAELEZO KWA WAWINDAJI WAPYA: UCHAGUZI WA NAMBA YA BUNDUKI YA MARISAU

Wapo watumishi wa Serikali na wananchi wa Visiwani ambao, kwa kazi, biashara au ujamaa, huenda kukaa sehemu za Bara kama Namasakata, mkoani Ruvuma, ambako kanga na kwale hupatikana kandokando ya mashamba na katika misitu ya miombo. Baadhi yao hupenda kujifunza kuwinda ndege kwa njia ya halali. Maelezo haya yanatolewa ili wajue bunduki ipi huwafaa na hatari ipi wajihadhari nayo.

Upana wa mtutu wa bunduki ya marisau hutajwa kwa namba. Ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa katika vidonge 12 vilivyo sawa, kidonge kimoja huwa na upana wa mtutu wa namba 12, yaani milimita 18.5. Ikigawanywa katika vidonge 20, upana huwa milimita 15.6. Kwa hiyo, namba ikizidi, mtutu hupungua. Namba 410 haimo katika hesabu hiyo. Ni kipimo cha inchi, sawa na milimita 10.4.

Wengi hudhani kuwa mtutu mwembamba kabisa ndio umfaao mwanafunzi. Sivyo. Namba 410 haipigi bega kwa nguvu, lakini marisau yake ni machache, na asiye na uzoefu hujeruhi zaidi kuliko kuua. Ndege aliyejeruhiwa huenda kufia porini, asimfae yeyote.

Mtu mzima mwenye mwili wa kadiri hufaa kuanza na namba 12, akitumia risasi nyepesi zenye gramu 24 hadi 28 za marisau. Risasi za namba hii aghalabu hupatikana kwa wepesi zaidi. Mwenye umbo dogo hufaa namba 20, kwa kuwa bunduki yake ni nyepesi kubeba. Hata hivyo, bunduki nyepesi ikitiwa risasi nzito hupiga bega vilevile. Kitako nacho hakina budi kulingana na urefu wa mkono. Kwa namba yoyote, mwanafunzi asipige ndege aliye mbali zaidi ya mita 30.

HADHARI: Risasi ya namba 20 ikitiwa kwa makosa katika bunduki ya namba 12 huteleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Mpigaji akidhani bunduki ni tupu, akatia ya namba 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka na huweza kumkata vidole au kumuua. Ndiyo sababu maganda ya namba 20, kwa desturi, huwa ya manjano. Namba mbili zisiwekwe kamwe katika mfuko mmoja.

Inakumbushwa pia kuwa leseni ya silaha na leseni ya kuwinda ni vitu viwili. Uwindaji wa Bara husimamiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya 2009. Kwa kuwa wanyamapori si jambo la Muungano, kibali cha Visiwani hakimhalalishii mtu kuwinda Bara, wala cha Bara kuwinda Visiwani. Mwenye shaka aulize Polisi na Ofisi ya Wanyamapori ya Wilaya kabla ya kununua, si baada ya kukamatwa.