Mahindi, Chokaa na Pilipili: Matembezi ya Chakula cha Barabarani Nchini Mexico

Mtu aliyelelewa Mombasa, Malindi au Lamu akiona hindi likigeuzwa juu ya makaa, kisha likapakwa ndimu, chumvi na pilipili ya unga, hana haja ya kuuliza ni chakula cha nani. Atasema ni chetu. Akiona embe bichi limekatwa vipande na kunyunyiziwa pilipili, atasema hivyo hivyo. Lakini vyakula hivi viwili huuzwa kila jioni katika barabara za Mexico, nchi iliyo mbali nasi mno, na wenyeji wa huko nao huapa kuwa ni vyao.

Kweli ni kwamba pande zote mbili zina haki. Mahindi na pilipili asili yake ni Mexico. Ndimu na embe zilipelekwa huko kutoka Asia. Wareno ndio wanaodhaniwa kutuletea mahindi katika zama walizoitawala pwani yetu, ingawa jina tulilolipa hutudanganya, maana mahindi hayakutoka kwa Wahindi. Basi ukila hindi la kuchoma lenye ndimu, hapo mdomoni pamekutana dunia mbili.

Siku hizi katika miji mikubwa ya Mexico kuna kazi inayowapatia watu riziki, nayo ni kuwaongoza wageni kwa miguu kutoka kibanda hadi kibanda wakionja vyakula vya mikoa mbalimbali. Wageni huambiwa wasile kitu asubuhi. Hukusanyika watu wachache, hutembea saa tatu au nne, na katika kila kituo hula kidogo tu ili tumbo libakie na nafasi. Kiongozi humwamkia mwuzaji kwa heshima, akimwita "doña" akiwa mwanamke mtu mzima, au "don" akiwa mwanamume, kisha huwaeleza wageni kile kilichomo sahanini, kimetoka mkoa gani na hupikwa vipi. Mwenye haraka hayawezi matembezi haya.

MAWE NA CHOKAA

Katika jiji la Mexico City kituo cha kwanza mara nyingi huwa ni kwa mama aliyeketi pembeni mwa barabara au mlangoni mwa soko, mbele yake jiko na kigae kipana kiitwacho comal. Kigae hiki ni kama chuma chetu cha chapati. Mama huyu hufinyanga donge la unga wa mahindi wa rangi ya buluu, akalijaza maharagwe yaliyopondwa, akalibana mpaka likawa na umbo la yai lililolala. Hicho ndicho tlacoyo. Hukichoma bila mafuta, halafu hukiwekea juu yake majani ya mpungate yaliyotolewa miiba na kukatwakatwa, jibini nyeupe na mchuzi wa pilipili.

Msomaji asifikiri kuwa unga ule ni sawa na wa ugali wetu. Mahindi ya Mexico kwanza huchemshwa kwa maji ya chokaa, yakalazwa humo usiku kucha, yakaoshwa, ndipo yakasagwa yangali mabichi. Mahindi yaliyotayarishwa hivyo huitwa nixtamal. Zamani usagaji wote ulifanywa juu ya jiwe, mwanamke akipiga magoti tangu alfajiri. Chokaa ni ile ile tunayoijua sisi katika tambuu, lakini ndani ya mahindi hufanya kazi kubwa: huondoa ganda, huufanya unga ushikane bila kukatika, na huifungua vitamini ya niasini ambayo bila hivyo mwili hauwezi kuipata vyema.

Wazungu walipoyachukua mahindi waliiacha elimu hiyo nyuma. Matokeo yake yalikuwa ni maradhi ya pelagra, yanayochubua ngozi na kuvuruga akili. Yaliwapata maskini wa Italia na Hispania tangu karne ya 18, na wa kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuwa chakula chao kilikuwa mahindi matupu. Wanawake wa Mexico waliokuwa hawajui kusoma walikuwa na dawa hiyo katika vyungu vyao tangu kale.

Hapo karibu hupita pia mwenye baiskeli na kapu kubwa lililofunikwa kwa nguo. Ndani mna vitaco vilivyokunjwa na kupangwa vikiwa moto, vikaachwa vilainike kwa mvuke wao wenyewe: vya viazi, vya maharagwe na vya nyama. Wengi wa wauzaji hawa asili yao ni kijiji cha San Vicente Xiloxoxtla katika mkoa wa Tlaxcala. Asubuhi na mapema kuna tamales, unga wa mahindi uliofungwa katika maganda ya hindi na kupikwa kwa mvuke, ukinywewa pamoja na atole, ambayo ni uji mwepesi wa mahindi wenye mdalasini.

MWARABU WA PUEBLA

Mji wa Puebla uko mashariki ya Mexico City, mwendo wa saa mbili hivi kwa basi. Huko utaona mlingoti wa nyama ukizunguka mbele ya moto, na mwuzaji akiikwangua kwa kisu kirefu na kuitia katika mkate laini. Aliyewahi kufika Jeddah au Dubai ataitambua shawarma mara moja. Wenyeji hukiita chakula hicho "tacos árabes", yaani taco za Kiarabu, na mkate wake huitwa mkate wa Kiarabu. Kilianzishwa katika miaka ya 1930 na wahamiaji kutoka Mashariki ya Kati, ambao walikuwa wameanza kuingia Mexico mwishoni mwa karne ya 19. Walio wengi miongoni mwao walikuwa Wakristo wa Lebanon.

Lakini hapa Mwislamu na asimame kidogo. Jina ni la Kiarabu, mkate ni wa Kiarabu, ila nyama, iliyokuwa ya kondoo, siku hizi ni ya nguruwe. Ndivyo ilivyo pia kwa ndugu yake aliyeenea nchi nzima, aitwaye "al pastor". Maana ya jina hilo ni "kwa mtindo wa mchungaji", na mchungaji huyo alikuwa akichunga kondoo. Jina lilibaki, mnyama akabadilishwa.

Alama za Uislamu katika jiko la Mexico ni za kale kuliko wahamiaji hao. Waislamu walitawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492, na haikupita miaka 30 Wahispania wakafika Mexico. Walichukua lugha yao iliyojaa maneno ya Kiarabu. Sukari kwao ni azúcar, limau ni limón, zafarani ni azafrán, zeituni ni aceituna. Vile vidonge vya nyama viitwavyo albóndigas vilipata jina lao kutoka neno la Kiarabu albunduqa, na ukwaju wao ni tamarindo, kutokana na tamri hindi, tende ya Uhindi. Mvita na Mexico hazikujuana, lakini zilifundishwa maneno na mwalimu mmoja.

SWALI LA MANTECA

Kwa hiyo, je, Mwislamu aweza kuyafuata matembezi haya na kurudi na dini yake salama? Aweza, lakini sharti ajue neno moja kabla ya mengine yote: manteca. Hayo ni mafuta ya nguruwe. Asilichanganye na mantequilla, ambayo ni siagi. Manteca haionekani kwa macho. Imo katika unga wa tamales zilizo nyingi, hata zile tamu. Mara nyingi imo katika maharagwe ya kupondwa. Na huko kaskazini imo katika chapati nyingi za ngano. Chapati ya mahindi, yaani tortilla yenyewe, kwa kawaida huwa ni mahindi, maji na chokaa tu, basi hiyo ni salama zaidi.

Maneno mengine ya kutahadhari nayo ni puerco na cerdo, ambayo yote mawili ni nguruwe, na chicharrón, ambayo ni ngozi yake iliyokaangwa. Carnitas na cochinita pia ni nguruwe. Kwa upande wa vinywaji, pulque ni tembo la mkonge, na tepache ni maji ya nanasi yaliyoachwa yachache. Anayetaka kitu kisicho na shaka kuna maji ya ukwaju, maji ya rosela mekundu yaitwayo jamaica, na horchata, ambayo huko ni maji ya mchele na mdalasini.

Linabaki suala la nyama ya ng'ombe, mbuzi na kondoo ambayo haikuchinjwa na Mwislamu. Wapo wanaoichukua rukhsa ya chakula cha Ahlul Kitabi na wapo wanaojizuia. Hilo ni la mtu na shehe wake. Hata anayekula aangalie kisu na kigae, kwani mara nyingi nyama zote hukatwa juu ya gogo moja. Njia nyepesi ni kumwambia kiongozi mapema, siku ya kuandikisha, wala si mbele ya jiko ambapo mwenyeji ameshanyoosha mkono na sahani. Waislamu wa Mexico ni wachache sana, na msikiti wa Suraya wa mji wa Torreón, unaotajwa kuwa wa kwanza nchini, ulijengwa mwaka 1989 tu. Kwa hiyo mwuzaji anaposhangaa swali lako, hakudharau; hajapata kuulizwa.

KIBUYU CHA OAXACA NA PAPA WA CAMPECHE

Mkoa wa Oaxaca, kusini, ndio unaosifiwa zaidi kwa mapishi. Sokoni utaona tlayuda, chapati ya mahindi kubwa kama sinia, iliyopakwa maharagwe na kutandazwa jibini ya nyuzinyuzi na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa. Kwanza hupakwa asiento, mashapo ya mafuta ya nguruwe. Sema "sin asiento", yaani bila hiyo, na uulize na maharagwe. Utaona pia vikapu vya panzi waliokaangwa kwa ndimu, chumvi na kitunguu saumu. Asiyejua atakunja uso, lakini panzi ni jamii moja na nzige, na nzige wametajwa katika hadithi mashuhuri kuwa ni halali pamoja na samaki.

Kinywaji cha huko ni tejate. Wanawake huchanganya mahindi yaliyochemshwa kwa majivu, kakao iliyokaangwa, kokwa ya tunda la mamey na ua lenye harufu nzuri, wakavuruga kwa mkono hadi povu jeupe likapanda juu. Hutekwa kwa kibuyu kilichotiwa nakshi. Ni baridi, kinashibisha, wala hakileweshi.

Upande wa mashariki, katika mji wa bandari wa Campeche, mtu wa pwani atajiona yuko nyumbani. Huko hupikwa pan de cazón: chapati za mahindi zilizopangwa tabaka kwa tabaka na maharagwe na nyama ya papa mdogo, juu yake mchuzi wa tungule. Jirani yake, Yucatán, huuza barabarani na ufukweni kibi za ngano na nyama ya ng'ombe zenye nanaa, urithi mwingine wa watu wa Lebanon.

NANI ATAKAYEBAKI NA JIWE?

Mwaka 2010 UNESCO iliyaandika mapishi ya jadi ya Mexico katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 2024 kibanda kimoja cha taco katika Mexico City kilipewa nyota ya Michelin, sifa iliyozoea kwenda kwa hoteli za vitambaa vyeupe. Hizo ni heshima kubwa. Lakini heshima haisagi mahindi. Unga wa kiwandani umeenea kwa kuwa ni mwepesi, na mwanzoni mwa 2007 bei ya tortilla ilipopanda, maelfu kwa maelfu ya watu waliandamana katika jiji kuu. Mexico ina mbegu za asili za mahindi zinazokaribia aina 60: nyeupe, manjano, nyekundu, buluu. Mwaka 2025 katiba ya nchi ilirekebishwa ili kuzuia kupandwa kwa mahindi yaliyobadilishwa vinasaba.

Hapo ndipo matembezi haya yanapopata maana kupita kushiba. Mgeni akilipa kwa haki kwa tlacoyo ya mahindi ya asili, mkulima wa mbegu ile naye hupata soko, na binti wa yule mama huona kuwa kazi ya mama yake si ya kuonea haya. Akilipwa kiongozi peke yake, na mama akaachiwa makombo ya sarafu, basi wageni wamekula na wenyeji wametazama.

Wahenga wetu walisema, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Wanawake wa Mexico walio mbele ya vigae vyao wana jibu. Mla jana alikula mahindi yaliyolazwa katika chokaa, na ndiyo wanayompa mla leo.