MOSHI WA GARI USITUUE: TUBADILISHE EKZOSI MAPEMA

Ndugu wasomaji, mara ngapi tumepanda pikapu kwenda mnadani, tukafika kichwa kinauma? Wengi wetu husema, "Ah, ni jua tu." Wengine husema, "Ni mashimo ya barabara." Pengine ni kweli. Lakini pengine ni moshi wa gari lenyewe.

Siku moja sisi wa elimu ya watu wazima tulipanda gari la dizeli la zamani. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo nyuma kulifungwa turubai. Tulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anampeleka mtoto zahanati. Hata nusu ya safari haijafika, mtoto akaanza kutapika. Sisi wenyewe tulikuwa tunasinzia mchana kweupe. Mzee mmoja akagonga bodi kwa fimbo. Akasema, "Dereva, simamisha! Huku nyuma tunakaushwa kama samaki."

Tulipoinama chini ya gari tuliona ekzosi imetoboka. Ilikuwa imezungushiwa bati la kopo na kufungwa waya. Dereva akajibu, "Shikamoo mzee wangu. Hiyo iko hivyo tangu mwaka jana, mbona gari linatembea?"

Ni kweli, gari lilikuwa linatembea. Lakini abiria je? Tulikunja turubai, tukaloa mpaka zahanati. Mtoto alipata nafuu. Tangu siku ile tukaona jambo hili lifaa kuelezwa.

EKZOSI NI NINI?

Injini ya dizeli huchoma mafuta ndani ya silinda. Moshi unaobaki lazima utoke nje. Njia ya kuutoa ndiyo ekzosi. Kwenye gari la zamani ina sehemu hizi:

1. Manifoldi. Hii imefungwa kwenye injini. Hukusanya moshi wa silinda zote.
2. Bomba la mbele. Hili huteremka kutoka kwenye manifoldi kwenda chini ya gari.
3. Sailensa. Hili ni kopo kubwa la chuma. Hupunguza kelele.
4. Bomba la nyuma. Hili hutoa moshi nje, mbali na abiria.

Kati ya sehemu hizi mna gasketi za kuziba maungio. Bomba lote huning'inia kwa vishikizio vya mpira.

Tuchukue mfano wa Toyota Land Cruiser yenye injini iitwayo 1HZ, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Injini hii ina silinda 6 na ukubwa wa lita 4.2. Moshi wa silinda zote 6 hupita katika bomba moja. Basi bomba hilo likitoboka, moshi mwingi sana hutokea chini ya miguu yetu.

KWA NINI MOSHI HUO NI HATARI?

Ndani ya moshi mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Damu yetu hubeba oksijeni kama gari linavyobeba abiria. Kaboni monoksidi huingia na kukalia kiti cha oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, hutapika, husinzia. Ikizidi, hufa.

Injini ya dizeli hutoa sumu hii kidogo kuliko ya petroli. Lakini kidogo si hakuna. Chini ya turubai lililofungwa, kidogo hujikusanya kikawa kingi.

Tena mna masizi. Mwaka 1970 wengi tulidhani masizi ni uchafu wa nguo tu. Lakini mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani ya mapafu.

Kwa hiyo abiria akiumwa kichwa na kutapika ndani ya gari, tusingoje. Tusimamishe gari, tuzime injini, tumtoe nje kwenye hewa safi. Kisha tumpeleke zahanati, madirisha wazi.

TUTAJUAJE KWAMBA IMEHARIBIKA?

Tuangalie dalili hizi:

- Kelele za gari zimeongezeka.
- Harufu ya moshi inaingia ndani.
- Masizi meusi yanaonekana kwenye maungio.
- Bomba linagongagonga chini gari likipita mashimo.
- Ukigonga sailensa iliyopoa, unasikia kutu ikicheza ndani.

Lakini tusichanganye mambo. Gari likitoa moshi mweusi sana, mara nyingi kosa ni nozeli au chujio la hewa. Moshi wa bluu maana yake injini inachoma oili. Ekzosi mpya haiponyi magonjwa hayo.

KABLA YA KUANZA KAZI

Kwanza, tungoje gari lipoe kabisa. Afadhali lilale usiku mzima. Ekzosi yenye moto huchubua ngozi mara moja.

Pili, tuweke gari mahali tambarare, pagumu, nje ya nyumba. Tuzuie magurudumu kwa magogo.

Tatu, jeki ni ya kunyanyulia gari, si ya kulalia chini yake. Tukishanyanyua, tuweke stendi za chuma. Kama hakuna stendi, tuweke magogo mapana ya mti mgumu. Tusitumie matofali, maana tofali hupasuka bila kuaga. Kama hatuna vitu hivi, kazi hii tumwachie fundi wa gereji.

Nne, tuchukue kalamu na karatasi. Tuchore bomba lilivyokaa, tuandike namba za sehemu na mahali pa kila kishikizio. Hapo ndipo kisomo chetu kinapofanya kazi! Mtu akitegemea kichwa tu, jioni hubaki na bolti tatu mkononi asizojua pa kuziweka.

KUTOA EKZOSI YA ZAMANI

Jioni ya kuamkia kazi, tusugue nati kwa brashi ya waya. Tuzipake mafuta mepesi ya kulainisha kutu.

Asubuhi tutumie spana ya mviringo inayokaa sawasawa. Tulegeze polepole. Nati ikigoma, tuikaze kidogo, kisha tuilegeze tena. Tusiilazimishe kwa bomba refu, hasa nati za manifoldi. Bolti ikikatikia humo, itabidi fundi aitoboe kwa mashine, na gharama itapanda. Nati za nyuma zikigoma kabisa, tunaweza kuzikata kwa msumeno wa chuma. Tuvae miwani, maana kutu huanguka machoni.

Mwenzetu aishike sailensa tunapotoa vishikizio vya mwisho. Ni nzito, isituangukie kifuani.

KUFUNGA EKZOSI MPYA

Twende dukani tumebeba ile ya zamani. Tupime urefu na upana. Tuulize bei kwa wauzaji watatu, tuandike, tudai risiti. Kama fundi atachomelea bomba, lisiwe jembamba kuliko la kwanza. Bomba jembamba huzuia moshi kutoka, injini ikakosa nguvu na kula mafuta zaidi. Kazi ya kuchomelea ifanyike bomba likiwa nje ya gari, mbali na tangi la mafuta.

Kisha tufuate hatua hizi:

1. Tusafishe nyuso za maungio mpaka chuma kionekane.
2. Tuweke gasketi mpya. Ya zamani imeshabanwa, haizibi tena.
3. Tuunge bomba lote kuanzia mbele, lakini nati zibaki zimelegea.
4. Tuning'inize bomba kwenye vishikizio vipya vya mpira.
5. Tuangalie kama bomba liko mbali na mipira ya breki, bomba la mafuta, nyaya na shafti. Likigusa, tulisogeze.
6. Sasa tukaze, kuanzia mbele kwenda nyuma. Nati za maungio tuzikaze kwa zamu, kidogo kidogo.

Bomba la nyuma lazima litokeze nje ya bodi. Wengine hulikata katikati ili kuokoa fedha. Hiyo si akiba, maana moshi utapanda moja kwa moja kwa watu walioketi nyuma. Wengine huondoa sailensa ati gari liwe na sauti ya nguvu. Nguvu gani? Ni kusumbua wagonjwa na kukimbiza ng'ombe tu.

KUJARIBU

Tuwashe injini tukiwa mahali pa wazi. Tusikilize kwenye maungio. Tukisikia "psii, psii", pana hewa inayotoka. Tuzime, tungoje ipoe, tukaze. Tukishatembea siku moja au mbili, tukaze nati tena gari likiwa limepoa, maana moto hulegeza.

MWISHO

Ndugu wasomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bati la kopo na waya hutufikisha gereji, hayatufai kwa mwaka mzima. Dereva akituambia gari linatembea, tumwulize kwa heshima: na sisi tunaokaa nyuma, tunapumua nini?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja sehemu nne za ekzosi.
2. Kwa nini kaboni monoksidi ni vigumu kuitambua?
3. Kwa nini tusilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki tu?
4. Je, gari linalobeba wagonjwa wa kijiji chenu liliangaliwa ekzosi lini? Nani atakwenda kuuliza?